Aliyemshona Ndege

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo sijaisahau, ingawa wengine waliokuwepo nadhani wamekwisha kuisahau. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Rahaleo, huku kwetu kusini, baba yangu akifanya kazi bandarini, na mimi nilikuwa nimezama katika filamu tatu za ufalme mmoja wa kubuni, wenye majitu na farasi wa angani. Nilizitazama mpaka diski zikaanza kukwama. Lakini kuliko hadithi yenyewe, niliipenda ile diski ya nne, iliyoonyesha jinsi filamu hizo zilivyotengenezwa: mama mmoja anashona ndevu za mfalme unywele kwa unywele, fundi anafua panga, watu wanapaka rangi mlima wa mbao. Majina yao yalipopita mwishoni, nilimzuia baba asizime runinga.

"Subiri, baba, bado hayajaisha."

Naye, na uchovu wake wa zamu, alikaa.

Basi nikataka kutengeneza filamu yangu. Kamera niliazima kwa mpiga picha wa harusi. Ndege mkubwa wa hadithi nilimwomba anishonee Asumini, binti wa jirani aliyekuwa akijifunza cherehani mtaa wa Chuno. Alimshona kwa magunia ya korosho na vyandarua vilivyochakaa, mabawa akayatia fito za mianzi. Mama yake alimgombeza kila siku kwamba anapoteza muda kwa midoli. Asumini akawa anamjibu, "Utaona, mama," huku anashona.

Tuliionyesha alasiri moja, katika kibanda cha video mtaa wetu wa Magomeni. Watu walijaa. Ndege alipokunjua mabawa, kibanda kizima kilipiga kelele. Ilipokwisha mtu akauliza, "Yule ndege kamtengeneza nani?"

Nikasimama nikasema, "Mimi."

Sikuwa nimepanga kusema uongo. Sifa zilikuwa tamu, mdomo ukatangulia. Na kwenye kioo pia jina lilikuwa moja tu, langu.

Asumini alikuwa benchi la nyuma. Alinyanyuka, akamshika mama yake mkono, wakatoka.

Baba naye alikuja kuitazama, tukarudi nyumbani pamoja. "Watu wa mbali usiowajua ulinikalisha niyasome majina yao yote," alisema. "Huyu wa mlango wa pili umeshindwa kumtaja?"

Kesho yake nilikwenda kuomba radhi. Asumini hakunifokea.

"Nilimwambia mama atalisikia jina langu," alisema. "Ndiyo maana alikuja."

Niliibadilisha filamu, nikaweka jina lake mwanzo kabisa, nikaionyesha tena. Alikuja peke yake. Mama yake hakutaka tena habari za filamu, na haukupita muda akampeleka Masasi kwa mama yake mdogo, akashone sare za shule. Yuko huko mpaka leo, ana duka lake, na tunasalimiana vizuri. Ndege hakushona tena.

Filamu zile bado nazipenda. Lakini nyinyi sasa mnatengeneza zenu kwa simu, ndiyo maana nakueleza haya. Aliyekushikia taa, aliyekushonea, aliyewapikia mkiwa kazini, mtaje kwa jina, mbele ya watu, siku ileile, na watu wake wakiwepo. Radhi ya baadaye ni wajibu, usiache kuiomba. Ila hairudishi alasiri iliyokwisha kupita.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, akupe wenzako wema wa kufanya nao kazi, na akuepushe na sifa isiyo yako. Amina.