Mahari Yangu na Wababe wa Ngumi

Ndoa za wenzangu zilitikiswa na mashangazi wachongezi. Yangu ilikaribia kuvunjwa na mabondia wawili wazito wa Amerika ambao hawakuwahi kukanyaga mtaa wetu wa Bagira wala hawakujua kama nipo duniani. Bado nina hasira nao kidogo.

Papa, baba yangu, alikuwa mwalimu wa jiografia, na alikuwa na daftari la ngumi. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili: kushoto bingwa, kulia wale aliowapiga. Kwake safu ya kulia ndiyo iliyokuwa na maana. Bingwa wa zamani aliyestaafu bila kushindwa hata mara moja alipewa kumi na mbili juu ya ishirini, kwa sababu, papa alisema, wengi aliowapiga walikuwa wameshazeeka. Kijana wa miaka ile, aliyewaangusha watu kabla watazamaji hawajapata viti, alipewa kumi na moja. Papa alitaka kwanza ajulishwe hao walioanguka ni akina nani. Kumi na tisa aliipata mmoja tu, yule aliyekuja kushinda Kinshasa tulipokuwa bado Zaire. Ishirini ni ya Mungu. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya mezani kwetu tangu nina meno ya maziwa.

Mchumba wangu alikuwa muuguzi. Tulikuwa tumeshajaribu mara mbili kufanya dote, yaani sherehe ya kutoa mahari. Mara ya kwanza, vita ya kwanza iliingia mjini wiki ileile; mbuzi wa mahari tuliwaacha kwa jirani, naye jirani akakimbia kabla yetu. Mara ya pili ikawa vita ya pili, na mbuzi walifika hadi kizuizi cha askari, wakaishia kwenye sufuria ya askari. Sasa ilikuwa mara ya tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Siku ilikuwa Jumamosi, na Jumatatu mchumba wangu alitakiwa kupanda ndege ndogo kupeleka dawa Shabunda, kwa kuwa barabara hazikupitika, na hakuna aliyejua angerudi lini. Mbuzi wanane walikuwa uani, hai, wakila maua ya mama. Kizuizi kilikuwa kikifungwa saa kumi na moja jioni. Kama dote isingepita, mbuzi wangerudi njia ileile, na mimi sijawahi kuona mbuzi aliyepita kizuizi mara mbili.

Kwetu, siku ya dote baba wa binti na baba wa kijana hawasemezani. Kila upande una msemaji. Mwenye neno humnong'oneza msemaji wake, naye hulipamba na kulitoa kwa heshima. Binti hukaa chumbani mpaka aitwe, aulizwe mbele ya wote kama anawajua wageni hawa na kama mali yao ipokelewe. Kwa hiyo nilikuwa nyuma ya pazia, nimepakwa mafuta nang'aa, nikingoja zamu yangu ya kusema neno moja.

Msemaji wao, mzee wa Luhwindja mwenye sauti nzuri, alikuwa ameambiwa kwamba papa anapenda ngumi. Akaona apambe hotuba. Akasema kijana wao hakuja kuegemea kamba kama yule wa Kinshasa, akingoja mwenzake achoke. Amekuja kama yule mwingine, mpinzani wake wa siku ile, aliyekuwa akipiga mara moja na kumaliza kazi. Wageni wakapiga makofi. Nyuma ya pazia nilishika kichwa.

Nikasikia papa akinong'ona, na mwalimu wa miaka thelathini hajui kunong'ona. Msemaji wetu alikuwa tonton, kaka wa mama, katekista aliyejua ngumi kama mimi ninavyojua kurusha ndege. Akasimama, akakohoa.

"Wageni wapendwa, mwenye nyumba anawashukuru. Anauliza tu, kwa heshima: ule wenu alipigaka nani?"

Baba mkwe akanong'ona kwa msemaji wake. Jibu likaja limevikwa methali: kuna wawili waliowahi kumpiga yule wa Kinshasa, na hao wawili, mtu wao aliwaangusha kila mmoja katika raundi ya pili. Lakini yule mzee, kwa kudhani ni habari za ukoo wetu, akaongeza pole kwa familia. Tonton akaipokea pole kwa niaba yetu na kuomba dakika moja ya kimya. Sebule nzima ilisimama, kofia mikononi, kwa ajili ya mabondia wawili ambao, kwa nijuavyo mimi, walikuwa hai.

Papa akarudisha kwamba kumpiga aliyempiga mtu si kumpiga mtu mwenyewe, ndiyo maana mtu wake na wa baba mkwe waliitwa Kinshasa wakutane. Baba mkwe akajibu kwamba mtu wake alirudi ulingoni na umri wa babu, ana upara na kitambi, akauchukua mkanda upya. Wa papa aliwahi kufanya hivyo? Papa akataka kujua aliuchukua kutoka kwa nani. Ikapita saa tisa, ikapita saa kumi. Wali ulipoa. Mchumba wangu, ambaye naye kwa desturi hakuwa na mdomo siku hiyo, aliangalia viatu vyake.

Hapo papa akanong'ona jambo moja la kipumbavu, na tonton, akiwa amechoka, alilitoa bila kulipamba: binti wa nyumba hii hataenda kuishi na watu wasiojua ngumi. Baba mkwe akasimama, akaomba fimbo yake. Uani mtu alianza kufungua kamba za mbuzi.

Niliogopa kweli. Nilikuwa nimecheka kimoyomoyo mchana wote, lakini si sasa. Nilifikiri: Jumatatu ataondoka nami si mtu wake. Akifa kule Shabunda, sitaruhusiwa hata kukaa mkekani na wafiwa.

Mama aliingia na beseni la kunawia mikono kana kwamba hakusikia lolote.

"Papa, mbele ya kuenda," akamwambia baba mkwe. "Ile siku ya Kinshasa, mulisikilizia wapi?"

Ndipo baba mkwe alipojibu kwa kinywa chake mwenyewe. Alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, Luhwindja, alfajiri, wachimbaji ishirini na redio moja. Raundi ya tano ilipokwisha, betri zikafa. Waliziweka juu ya jiwe zipate jua, lakini jua lenyewe lilikuwa halijatoka. Redio ilipofufuka, walikuta inapiga muziki. Matokeo aliletewa na msafiri.

"Miaka yote ninajua aliangukaka," akasema. "Namna gani, hakuna mutu aliniambiaka."

Papa alisahau kunong'ona. Akasukuma meza ukutani, akaegemea kabati la vyombo, likawa kamba za ulingo, akamwamuru tonton ampige. Raundi ya sita tonton alipiga kwa adabu. Ya saba alihema kweli. Ya nane papa alitoka kabatini, kushoto, kulia, na tonton, kwa kuwa ni mtu wa kanisa, alianguka polepole juu ya mkeka. Baba mkwe alikuwa amekaa tena, mdomo wazi.

"Na hakusimamaka?"

"Alikuwa anasimama," papa akajibu, "lakini hesabu ilikuwa imeisha."

"Alikuwa anasimama," baba mkwe akawaambia watu wake mmoja mmoja, huku akijifuta macho. Papa akalifuata daftari na kumpa bondia wa baba mkwe kumi na nane.

Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa. Mbuzi wakafungwa upya. Wanawake walipiga vigelegele, wazee wakashikana mikono, kila kitu kikapita. Mimi nilingoja kuitwa. Nikangoja. Nikasikia wageni wakiomba raundi ya sita irudiwe.

Nikafungua pazia mwenyewe, nikasimama katikati ya sebule, nikasema ndiyo, ninawajua, na mali yao ipokelewe. Hapo ndipo walipokumbuka kuniuliza.

Jumatatu nilimsindikiza mume wangu hadi uwanja wa ndege wa Kavumu. Nililia kwa sauti mbele ya askari, marubani na kila mtu, na hakuna aliyeweza kuniuliza namlilia kama nani.