Damu Iliyobebwa Kwapani

Mama Darubini, kama wenzake wa maabara walivyomwita, alikuwa amechoka hadi kwenye kope. Tangu asubuhi alikuwa akizitazama chembe nyeupe za damu ya mtoto wa mdogo wake, nazo zimekaa tu, mviringo, kama kokoto.

Alijua zinavyopaswa kwenda. Chembe ikinusa kijidudu, vimeng'enya vilivyo ndani yake hupokezana amri. Nyuzi zinazolishikilia umbo lake kama mifupa hubomolewa nyuma na kujengwa mbele, na chembe hutoa mguu ikatambaa. Za mtoto hazikutambaa. Kitovu chake kilikuwa kimechelewa kudondoka, na vidonda vyake havikutunga usaha wala kupona.

Ndipo aliposikia kwamba ile chupa ya damu ilikuwa imewekwa kwenye friji. Mhudumu alidhani anasaidia. Lakini baridi nayo huzilemaza nyuzi zile. Huenda basi mtoto hana neno.

Akamfuata mdogo wake kwenye benchi la nje.

"Nahitaji damu nyingine."

"Dada, utamchoma wapi tena? Mikono yote imekwisha. Au mnaiuza huko ndani?"

"Ningekuwa naiuza ningevaa viatu hivi?"

Mdogo mtu alicheka kivivu, akamfunua mtoto shuka.

Safari hii chupa aliibeba mwenyewe, kwapani isipoe, mkono ameubana kama aliyeteguka bega, akapita bila kumsalimia mtu. Kando ya damu ya mtoto aliweka tone la damu yake, apate kulinganisha.

Zake ziliondoka. Mwenye nazo yu hoi, zenyewe zinachapa mwendo bila haya. Za mtoto zilikuwa na joto, zilikuwa hai, na hazikusogea. Amri haikuzifikia nyuzi. Akaweka tone jingine kwenye kioo kipya. Akangoja tena, na tena.

Alipotoka, mdogo wake alimsoma usoni.

"Si friji."

"Si friji, mdogo wangu. Daktari atatafuta mtu wa kumpa uboho, umtengenezee chembe nyingine. Wataanza kwa kumpima kaka yake."

"Yule anayemkimbia hata kinyozi?"

"Huyo huyo."

"Utamwambia wewe, mama yake mkubwa. Mimi maneno yameniishia."

Akampokea mtoto. Mdogo wake akaegemea ukuta, akafumba macho. Mtoto alikuwa mwepesi. Mikono iliyompakata ndiyo iliyokuwa mizito.