Tanuri la Kavutha

Ungemshtaki mama yako mzazi mbele ya kanisa zima? Usijibu haraka. Levi naye alidhani anajua jibu.

Alizaliwa Kola, kwenye bonde ambalo moshi hulala asubuhi kama ng'ombe mgonjwa, na watoto wa shule husoma huku wakikohoa. Tangu utotoni aliambiwa moshi ule unatoka kwenye viwanda vya saruji vya Athi River, naye akaapa kuvikomesha. Mamake, Kavutha, alimsomesha kwa kuchoma matofali. Mwaka wa 2003 Levi alirudi kutoka chuoni na shahada, na programu ya kompyuta inayoiga hewa: unaipa upepo, joto, vilima na kila penye moto, nayo inakuchorea moshi utaelekea wapi na utageuka kuwa nini njiani. Parokia ikampa kompyuta ya ofisini. Jumapili, baada ya misa, angesimama kanisani kuyasoma mashtaka dhidi ya viwanda.

Jumamosi alitaka uthibitisho wa mwisho. Akaviandikia viwanda sifuri, kana kwamba havipo, akangoja. Moshi ukabaki bondeni. Akadhani amekosea, akarudia. Ukabaki. Akashindwa kukaa. Akatoka, akazunguka soko bila kununua kitu, akarudi na kuyaandikia sifuri matanuri ya matofali ya bondeni. Kioo cha kompyuta kikawa cheupe, moshi wote umetoweka.

Akaenda moja kwa moja kwa mamake, aliyekuwa akikandika tope kwenye tanuri jipya, la matofali ya zahanati ya kijiji.

"Mwaitu, mama yangu," alimwita, "si Athi River. Ni sisi."

Kavutha akacheka. "Kumbe nilikusomesha uje unishtaki?"

Levi akamweleza kwamba akinyamaza, watapigana na viwanda bure na watoto wataendelea kukohoa. Mama akajipangusa mikono kwa leso.

"Basi sema. Lakini usitaje tanuri la mtu mwingine, taja langu. Na kesho kutwa nitaliwasha, kwa sababu zahanati haijengwi na kompyuta."

Jumapili alisema, akataja tanuri la mamake peke yake. Kanisa likavuma kama mzinga. Nzioka, mwenye matanuri matatu, akauliza kwa upole, "Kijana, Athi River walikununua kwa mifuko mingapi ya saruji?" Watu wakaangua kicheko. Levi alichemka, lakini mamake alikuwa ameketi mbele, macho kwenye madhabahu, wala hakugeuka.

Asubuhi iliyofuata aliamshwa na harufu ya kuni. Kavutha alikuwa amekwisha kuwasha. Moshi uliteremka, ukapinda penye kijito, ukaingia uwanja wa shule, palepale kompyuta ilipouchora, watoto wakiwa wamejipanga kupandisha bendera. Wimbo wa taifa ukakatika kwa kikohozi.

Levi alimwona mamake akisimama, akiwatazama watoto kule chini. Kisha Kavutha akachota tope kwa mikono miwili, akaanza kuziba midomo ya tanuri ili moto ufe, mmoja baada ya mwingine, matofali yakiwa bado mabichi.