Sahani Iliyofunikwa

Siku moja kabla ya picha niliyoichora kuonyeshwa kwa watu, jumba la makumbusho ya sanaa lilinialika chakula cha mchana, mimi na mtu mmoja nimtakaye. Nilimwalika mama. Sikumwambia kwamba picha yenyewe ni ya baba.

Baba alifariki mwaka juzi, baada ya kuugua muda mrefu. Wageni wa mazishi walipoondoka, mama aliteremsha picha yake ya kamera kutoka ukutani nyumbani kwetu Subukia, akaifunga kwa leso na kuitia kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda. Tangu hapo hakumtaja, na sisi watoto tukajifunza kutomtaja. Kwa hiyo nilipoanza kumchora, katika chumba ninachopanga mjini, mtaa wa Section 58, sikuthubutu kuomba ile picha. Nilimchora kwa kumbukumbu tu, nikafuta, nikachora tena. Sijasomea kazi hii. Nilijifunza kwa video za simu na kwa kuharibu mbao nyingi za kuchorea. Sikio la kushoto lilinishinda kabisa. Hata leo haliko sawa, na nikifumba macho usiku ndilo ninaloliona.

Nilikuwa nimeamua kwamba mama akisema picha itoke, itatoka. Lakini nilitaka ale kwanza. Tangu mazishi alikuwa akila amesimama jikoni, vijiko vichache tu, kisha anatoka kwenda kwa ng'ombe. Nilijiambia kwamba nikimkalisha mahali pazuri, akashiba, nitapata maneno ya kumwambia.

Jumba lenyewe ni nyumba ya zamani ya mkulima Mzungu, upande wa Elementaita. Mkahawa uko katika iliyokuwa sebule yake: vitambaa vyeupe mezani, glasi nyembamba mno, madirisha marefu yanayotazama ziwa. Picha yangu ilikuwa chumba cha pili, nyuma ya mlango uliofungwa. Wiki nzima nilikuwa nimefanya mazoezi ya kisu na uma kwa kukata chapati chumbani kwangu. Nilijua kitambaa kinawekwa wapi na uma unalazwa vipi ukimaliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa mama.

Alifika na kiondo kimejaa maparachichi.

"Mama, hapa watu hawaleti chakula," nilimnong'oneza.

"Si ulisema wamekualika? Nani anaenda kwa watu mikono mitupu?"

Mhudumu, mwanamke wa makamo aliyevaa aproni nyeusi, alikipokea kiondo kwa mikono miwili. "Asante, mama. Ya kwetu tumbili walimaliza."

"Tumbili wanamaliza, na mbwa nimemwona langoni?"

"Mbwa mwenyewe anawaogopa."

Walicheka pamoja. Mimi nilikuwa nikiangalia matope kwenye viatu vya mama, na ninaona aibu kuandika kwamba hilo ndilo nililoliangalia.

Chakula kikaja. Sahani ilikuwa pana kama ungo, na katikati yake vipande vidogo vya nyama ya kondoo, kilima cha viazi vilivyopondwa, na mchuzi uliochorwa mstari. Mama aliinama akatazama vizuri.

"Sahani ni ya harusi," akasema, "chakula ni cha paka."

"Mama, tafadhali."

"Sijakataa. Nauliza tu kama paka amekula."

Aliomba, akasema amina. Kisha akachukua kile kisahani cha mkate kilichokuwa kando yake, akautoa mkate na kuuweka juu ya kitambaa cheupe. Akachagua kipande cha nyama kilicho kinono zaidi, akakiweka kwenye kisahani pamoja na viazi. Akachukua kisahani changu, mkate wangu nao ukatua kitambaani, akakigeuza na kufunikia. Akausogeza mfuniko kidogo upande, ili mvuke upate pa kutokea. Halafu akaanza kula kilichobaki.

Mikono yake haikusita hata kidogo. Sidhani alijua anachofanya.

Mimi nilijua. Nyumbani kwetu chakula cha baba kilipakuliwa kwanza, kikafunikwa kwa sahani nyingine na kuwekwa karibu na jiko. Alikuwa akikusanya maziwa ya wakulima kwa pikapu, na msimu wa mvua pikapu ilikuwa ikikwama matopeni, akirudi sisi tumelala. Asiporudi kabisa, asubuhi mama aliifunua ile sahani na kunipa mimi, kitinda mimba. Miaka miwili nilikuwa nimeamini kwamba mama amemfunga kwenye sanduku na kumsahau.

Mhudumu alirudi. Akaona vile visahani. "Nitoe hii, mama?"

"Wacha. Ni ya mtu."

"Anakuja?"

Mama aliacha kutafuna. Akatazama kisahani kana kwamba ni mtu mwingine aliyekiweka pale. Mhudumu akaondoka taratibu bila kukigusa.

Maneno niliyotarajia kuyapata hayakuja. Nikasema tu, "Mama, picha iliyo huko ndani ni ya baba."

Alipangusa midomo.

"Umemchora akiwa mgonjwa?"

"Hapana. Kabla."

"Nipeleke."

Tulipopita karibu na mhudumu mama akamwambia, "Hiyo usiguse, tunarudi."

Nikamfungulia mlango. Baba alikuwa ukutani amesimama kando ya pikapu, ameegemea mkebe wa maziwa, kofia imerudi nyuma, anamcheka mtu asiyeonekana. Mama alisimama mbele yake akiwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili.

"Sikio la kushoto najua haliko sawa, nilijaribu—"

"Hebu nyamaza."

Baadaye akasema, bila kugeuka, "Ile ya nyumbani alipigwa akiwa ameanza kukonda. Kila nikikaa mezani ananiangalia na yale macho ya hospitali. Hata nilipoitoa bado niliyaona. Ningekulaje?"

Sikuwahi kumuuliza kwa nini aliiteremsha.

"Huyu ameshiba," akasema.

"Ukisema niitoe, nitaitoa leo."

"Utoe upeleke wapi? Mwache. Wamwone akiwa hivi."

Tuliporudi, kisahani kilikuwa pale pale, na mfuniko wake umekaa upande vile vile. Mama aliketi, akauondoa. Mafuta ya kondoo yalikuwa yameganda meupe. Alikitazama kidogo, kisha akakisukuma mbele yangu.

"Hajakuja," akasema. "Kula."

Nilishika uma, nikauweka chini. Nilikula kwa mkono. Viazi vilikuwa baridi, mafuta yalinishika kwenye kaakaa, na watu wa meza ya pili walikuwa wakitutazama. Mama aliningoja hadi nikamaliza. Kisha akamwita yule mhudumu, akaomba chai ya maziwa iliyochemka vizuri, akainywa ameketi, kikombe kizima, uso wake ukiwa umeelekea ule mlango tuliouacha wazi.