Mti wa Njia, Hauna Baba Hauna Mama

Umande haujakauka, na Naishorua ameinama ndani ya zizi la mbuzi. Anachambua samadi kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetafuta shanga iliyodondoka. Mbegu moja ya kahawia inabaki kiganjani. Anaipuliza na kuitia kwenye kibuyu.

"Mbuzi amekula maganda ya mgunga, mbegu imelainika tumboni mwake," anasema. "Hii haisumbui kuota."

Nyuma ya nyumba yake, hapa Kwamsisi wilayani Handeni, viriba vya miche vimejipanga chini ya kivuli cha nyasi. Akimwagilia hufumba macho. Anasema husikia upepo wa kule walikotoka, kabla familia yake ya Kimasai haijahamishiwa hapa pamoja na ng'ombe, vyombo na watoto.

"Nikilala naota miti tu, watu siwaoni. Naamka miguu inaniuma kama nimetembea huko kweli."

Siku za mwanzo walipohamia, binti yake Nemayian alikuwa akirudi kutoka lamboni na ndoo kichwani, midomo imepasuka kwa jua. Njia nzima haina pa kupumzika. Basi Naishorua akachukua miche yake ya kwanza akaipanda kando ya njia ile. Hakumuuliza mtu. Kwao, nani anaombwa ruhusa ya kivuli?

Wiki haikuisha. Miche yote ikakutwa imeng'olewa, imelazwa njiani, mizizi juu.

Vijana wa Kimasai wakashika fimbo. Wakulima nao wakaja na mapanga. Mbele yao alikuwa Zaidi, ambaye shamba lake la mahindi linapakana na njia.

"Leo mti, kesho zizi!" akafoka. "Keshokutwa mtatuambia sisi ndio wageni!"

Kwenye vumbi lile Naishorua hakumwona mwanawe Kiseyian, mmoja wa vijana wale wa fimbo. Anasema: "Nikajiambia, nimemuua mwanangu kwa mche."

Aliyeingia katikati ni Bibi Zamda, mama yake Zaidi, mkulima wa Kizigua. Alimkamata Naishorua mkono akamvuta pembeni.

"Shikamoo, bibi. Kosa langu nini?"

"Marahaba. Umepanda mti, mwanangu."

"Mti ni kosa?"

"Kwetu anayepanda mti anasema ardhi ni yake. Nikikuazima shamba la mahindi utalima, utavuna, utaondoka. Mti utauondoaje? Umekuja juzi tu, njia umeshajigawia!"

Naishorua alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko mpaka machozi. "Bibi, kwani mti una mwenyewe? Mti ni wa aliyekaa chini yake!"

"Haya, kamwambie hivyo mwenye panga," Zamda akajibu, naye kicheko kikamshinda. Vijana wakatazamana. Panga moja likashuka, likafuata la pili. La Zaidi lilichelewa, lakini lilishuka, na Kiseyian akatokea kwenye vumbi akiwa mzima.

Akina mama mnaohamia ugenini, msikilizeni huyu mwenzenu. Mche ni mdogo, unabebwa na mtoto, lakini siku ile nusura ulaze watu makaburini. Ulizeni kwanza. Na ninyi mnaopokea wageni, semeni kwa mdomo kabla hamjang'oa.

Siku hizi hakuna mche unaoingia ardhini kando ya njia ile bila wanawake hao wawili. Naishorua hushika shina, Zamda hufukia udongo. Wanapanda mchana kweupe, watu wakiona, na Zamda hupaza sauti: "Mti wa njia huu! Hauna baba, hauna mama!"

Migunga ya mwanzo waliyoipanda pamoja sasa imempita Nemayian kimo. Mbuzi hujilaza chini yake, na Naishorua anapoitazama husahau alichokuwa akisema.

Lakini pembeni ya shamba la Zaidi pamebaki wazi. Pale Naishorua amepatengea mche wa mkwaju, uliotokana na mbegu ambazo Zamda alipewa na dada yake wa Korogwe. Hataupanda mpaka Zaidi mwenyewe atamke. Mumewe, Nkoitiko, humtania: "Mkwaju huo utazeeka ndani ya kiriba."

"Nitauhamishia kikubwa zaidi," humjibu. "Kuhama tunakujua sisi."

Juzi Zaidi alipita njia ya nyuma ya nyumba na baiskeli. Hakushuka, ila alipunguza mwendo.

"Mama Kiseyian, huo mkwaju unakunywa maji mengi?"

"Kidogo tu, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Naishorua akaunyanyua mkwaju, akausogeza mbele kabisa ya viriba vyote, karibu na njia, ili akipita tena asipate taabu ya kuutafuta.