Kitoto Hiki Hakisikii

Harufu ya wanga kwenye kofia hunirudisha mkekani kwa bibi. Yeye alishona kofia za vito, zile zinazodariziwa kwa mkono, mimi nikimtungia uzi, maana sukari ilishampunguzia macho na vidole vimekufa ganzi. Siku moja sindano ilimchoma asisikie, damu ikaingia kwenye kofia nyeupe ya bwana harusi.

“Doa hili nini, Bi?” mwenyewe akauliza alipokuja kuichukua.

Bibi akanitazama. “Niwie radhi, Bwana. Ni kitoto hiki na mikono yake michafu. Hakisikii.”

Nami nilikuwa nimenawa mara mbili. Nilingoja aniombe radhi mpaka siku tuliyomzika.

Leo nimeona tone jekundu kwenye kofia ninayoshona. Kidole hakikusikia. Mjukuu wangu ananitungia uzi, na mwenye kofia anapiga hodi.