Skrubu ya Mahindi

Kaluki hushona nguo sokoni Mukuyuni kwa cherehani ya kukanyaga, nami huuza viatu kibanda cha pili. Ana maneno mengi na mikono mizuri. Mwaka jana aliteleza kwenye matope akavunjika kifundo cha mguu. Hospitalini, daktari Abdiya aliunganisha mfupa kwa skrubu ya plastiki iliyotengenezwa kwa mahindi, akamweleza kwamba itayeyuka yenyewe mwilini na hatapasuliwa tena kuitoa.

Angesema imetengenezwa kwa miwa, tungepumzika. Sisi Wakamba tunayajua mahindi yakilowa: hivyo ndivyo tunavyoyatwanga kuyakoboa tupate muthokoi, unanyunyizia maji kidogo, ganda linaachia. Basi hata kidonda kilipopona, Kaluki aliukataza mguu maji, skrubu isije ikalowa. Akioga, aliufunga kwa mfuko wa plastiki, ule uliopigwa marufuku, sijui alikuwa ameuficha wapi. Daktari alisema aanze kuukanyagia. Hakuukanyagia.

"Kaluki, mguu si muthokoi," nikamwambia siku moja, nimekasirika kweli.

"Skrubu ikilainika ndani, ni wewe utanishonea sare za wateja?" akanijibu.

Miezi ikapita. Cherehani ikashika vumbi, wateja wakahamia kwa mafundi wengine, naye akawa anasema ataiuza. Hapo ndipo nilipoogopa, maana Kaluki bila cherehani simjui.

Wiki jana nikamsindikiza kliniki, akapigwa picha ya mguu. Aliitazama juu hadi chini.

"Daktari, skrubu iko wapi? Imekuliwa na Osama?"

Osama ni jina letu la dudu linalogeuza ghala la mahindi kuwa vumbi. Daktari Abdiya, mtoto wa wafugaji, hakulijua, ikabidi nimweleze. Alicheka hadi akavua miwani.

"Mama, hii plastiki haionekani kwa picha. Bado iko, na itaisha pole pole, hata miaka mbili au zaidi. Lakini angalia hapa. Mfupa imeshikana. Hata skrubu ikiisha, mguu itabaki yako."

"Na maji?"

"Oga, mama. Tafadhali."

Kaluki aliusogeza mguu ukingoni. Akashuka kitandani, akaweka unyayo wote sakafuni, akasimama hapo akilia. Nami nikalia, sioni haya kusema.

Tulirudi sokoni mchana. Hakuwa na kitambaa wala uzi. Alipangusa kiti, akaketi, akakanyaga cherehani tupu mpaka soko likafungwa, na hakuna jirani aliyemwambia anatupigia kelele.